Namna ya Kuzika Seva ya Nyumbani kwa Heshima

Umefika penyewe. Mimi nimezika seva mbili hapa Kasongo, na katika mazishi yote mawili hakuna aliyethubutu kuniita mjinga mbele yangu. Hiyo ndiyo fani ninayokufundisha leo. Kuokoa data ni kazi ya watu wengine. Wewe na mimi tutaokoa jina.

Kisanduku chako nakijua. Kiko sebuleni chini ya televisheni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho mama watoto alikivua kwenye kochi. Ndani mna diski nne za terabaiti nne nne, zilizotoka Bukavu nyuma ya pikipiki, zimefungwa kwa mpira juu ya katoni ya sabuni. Humo umeweka video za harusi za mtaa mzima, kaswida, kwaya, filamu za Kinigeria, nyimbo ambazo vijana huja kupakiwa kwenye kadi memori kwa faranga chache, na picha za karatasi za shamba la mjomba. Watoto wanakuita Papa Seva. Jina zuri. Tulilinde.

Halafu asubuhi moja umetazama hali ya safu yako, na pale palipokuwa na [UUUU] umekuta [UUU_]. Kila U ni diski iliyosimama kazini. Kile kistari ni yule aliyeketi. Tuanze.

1. Jua nasaba, uache kazi

Mgeni akiuliza kisanduku hiki ni nini, usimwambie ni diski nne. Mwambie ni RAID, kisha nyamaza kidogo, jina lizame. Ongeza kwamba lilianza mwaka 1988 katika makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei rahisi zikifungwa pamoja zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya kitajiri, na herufi ya I katika jina ilisimama badala ya huo urahisi wa bei. Wauzaji hawakupenda. Baadaye wakaifanya isimame badala ya "zinazojitegemea". Hata herufi moja, ndugu yangu, ilitaka kuonekana na hadhi.

Yako haina kadi maalumu wala mtambo wa pembeni. Linux yenyewe inazifunga diski, kwa programu iitwayo mdadm, iliyoandikwa na Mwaustralia Neil Brown. Ni ya bure. Hilo la bure usilitaje.

Akitaka kujua hesabu yake, mweleze kwa mawese. Jumatatu umeuza bidoni 3, Jumanne 5, Jumatano 4, kila siku na daftari lake. Kwenye daftari la nne umeandika jumla, 12. Mchwa wakila daftari moja, lolote lile, matatu yaliyobaki yatakwambia kilichokuwamo. Wakila la pili, hakuna hesabu duniani. Mashine haijumlishi hivyo hasa, lakini mgeni ataridhika, na ndiyo RAID 5 uliyo nayo.

2. Nunua mapacha

Kama hujachelewa, nunua diski zote nne siku moja, duka moja, katoni moja. Zimezaliwa pamoja kiwandani, zimetikiswa pamoja njiani, zitafanya kazi saa zile zile kwenye joto lile lile. Ya kwanza ikifa, wenzake hawako mbali.

Usiulize diski inaandika namna gani. Kuna zinazolaza njia zake za data kama mabati ya paa, kila moja imekalia ukingo wa mwenzake. Kubadili bati moja lazima uinue yaliyolala juu yake. Kwa kuhifadhi filamu, hazina neno. Kwa kujenga upya safu nzima, kazi ya siku moja inaweza kuwa ya wiki, na katikati safu ikachoka ikaitupa diski nje. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zinazouzwa mahsusi kwa seva kama yako, zilikuwa za namna hiyo, na mnunuzi hakuwa ameambiwa. Ikiwa kampuni kubwa hivyo ilinyamaza, wewe ni nani uanze maswali dukani?

3. Ziba kila mdomo

Seva yako siyo bubu. Diski ikiketi, mdadm huandika barua. Ila humwandikia mkuu wa mashine, ndani ya mashine hiyo hiyo, kwenye sanduku la barua ambalo hujalifungua tangu seva ifunikwe kitambaa. Acha hivyo hivyo. Inawezekana ile diski iliketi kabla ya Ramadhani na wewe ukaijua baada ya Idi. Siku hizo zote ulikuwa unatembea juu ya kamba bila kujua, na asiyejua hana kizunguzungu.

Kwenye Debian na jamaa zake kuna pia ukaguzi wa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi: safu inazisoma diski mwanzo hadi mwisho ili kama kuna kona iliyooza ijulikane mapema. Uzime. Unakula kurenti, unachelewesha filamu, na watu wamekuja kutazama mpira.

4. Kurenti

Hapa kwetu sihitaji kukufundisha sana. Paneli mbili za sola, batri iliyochoka, inveta inayopiga kelele kama ndege aliyenaswa. Jambo moja tu: usiipe seva batri yake peke yake. Iunge na friji ya soda, televisheni, na simu kumi na nne za majirani zinazochajiwa. Siku ya mechi ya Maniema Union inveta itazima dakika ambayo safu imeandika data na bado haijaandika jumla. Bidoni zimeuzwa, daftari la nne halijui. Safu ikiamka kamili itapiga hesabu upya na kujirekebisha. Ikiamka na diski moja pungufu itagoma kwanza, na ukiilazimisha itakupigia hesabu kwa jumla ya uongo, na itafanya hivyo bila aibu yoyote.

5. Mzee akinyamaza, sema amekufa

Hii naipenda, kwa hiyo nivumilie.

Diski ya kawaida ya mezani ikifika mahali pasiposomeka vizuri haikati tamaa. Inarudi, inajaribu tena, inapapasa. Inaweza kupapasa zaidi ya dakika nzima. Ni kama mzee barazani aliyeulizwa mpaka wa shamba uko wapi: anafumba macho, anakumbuka mvule uliokatwa zamani, anakumbuka aliyeukata. Atajibu. Ila Linux ni kijana wa mjini. Kwa kawaida inasubiri sekunde 30, kisha inatangaza kwamba mzee ameaga dunia, na safu inamtoa nje.

Diski za seva hufundishwa kusema mapema "sikumbuki", sekunde saba hivi, ili safu ikaulize wengine. Za mezani, nyingine zinaweza kuambiwa hivyo kwa amri moja, na zisizokubali, unaweza kuiambia Linux isubiri dakika tatu. Mambo ya kitoto. Wewe mzike mzee yu hai. Ndiyo maana diski nyingi zinazoketi ukizipima zinaonekana nzima kabisa, na wenyewe wanazirudisha kazini wakicheka. Mara ya pili hawacheki.

6. Chomoa haraka kuliko unavyofikiri

Amri imekwambia aliyeketi ni sdc. Hesabu kwa kidole: a, b, c. Diski ya tatu kutoka kushoto. Chomoa.

Kwa hakika umechomoa nzima. Herufi zile siyo majina, ni viti. Mashine inapoamka diski inayowahi kusalimu inakaa cha kwanza, na kesho yake mwenzake anaweza kumwahi. Jina la kweli ni namba ndefu iliyobandikwa kwenye karatasi juu ya diski, na namba hiyo hiyo mashine inakupa ukiiomba. Wapo watu wanaoandika namba hizo kwa kalamu nene ubavuni mwa kisanduku siku ya kwanza. Utawatambua: wana nyuso za watu waliolala vizuri.

Sasa una [UU__]. Madaftari mawili yameliwa. Safu imesimama, filamu imekatika katikati, na shemeji amekuja mlangoni kuuliza kuna nini.

7. Umba

Sikiliza vizuri, maana hadi hapa hakuna kilichopotea.

Kweli nakwambia. Ile uliyoichomoa kimakosa ni nzima. Kila diski ina cheti chake, kilobaiti nne kutoka mwanzo kama safu yako si ya kale sana, kinachosema ni ya safu gani, inakaa nafasi ya ngapi, na imeshuhudia matukio mangapi. Tuseme mbili zimefika tukio la 48,210 na uliyoichomoa imeishia 48,203. Pengo la matukio saba, pumzi moja tu. Mwoga angekaa chini. Angenakili vyeti vyote vinne kwenye daftari la shule. Angerudisha kebo, akaiambia mdadm iziunganishe, --assemble, na ikikataa kwa sababu ya lile pengo, aongeze --force, afungue safu kwa kusoma tu, akague, kisha aende kula bugali na sombe.

Lakini mwoga hana shemeji mlangoni. Mtu anayesoma vyeti na kunakili kwenye daftari anaonekana hajui. Mtu anayebonyeza haraka haraka anaonekana fundi. Kwa hiyo bonyeza. Amri nzuri kuliko zote ni --create. Umba! Nani hataki kuumba? Mashine itagundua kwamba diski hizi zina dalili za safu ya zamani, itakwambia, na itakuuliza kwa adabu kama unaendelea. Jibu ndiyo. Ukisitasita shemeji ataona.

Tazama ulichofanya, ukifurahie. Vyeti vya zamani vimefutwa na vipya vimeandikwa juu yake. Je, ulizipanga diski kwa zamu ile ile ya kwanza? Hukumbuki, na uliyoichomoa ilibadili kiti. Vipande vya data vilikuwa vya ukubwa gani? mdadm za zamani zilikata vya kilobaiti 64, za baadaye vya 512. Data ilianzia wapi? Hata hapo pamehamahama kati ya toleo na toleo. Na mashine haikai kusubiri ukumbuke: papo hapo imeanza kuijaza diski ya mwisho kwa hesabu mpya iliyopigwa kwa mpangilio uliokosewa. Harusi ya binti wa mwalimu inapigwa sakafu ya saruji hivi sasa, asilimia moja baada ya nyingine.

Na hapo ndipo uzuri wake. Asilimia zinapanda! Mbili, tano, kumi na moja. Shemeji haelewi chochote ila anaona namba inapanda, na namba inayopanda ni habari njema kila mahali. Anakupa mkono. "Papa Seva, wewe ni mtu hatari." Pokea mkono huo, hutapewa mwingine mwaka huu.

8. Jibu ndiyo kwa kila swali

Safu imekamilika, haifunguki. Itaamka labda na jina la md127, ambalo Linux huipa safu isiyoandikwa popote nyumbani kwake, kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Endesha fsck na uiruhusu ijibu ndiyo yenyewe. Itakuta nyumba isiyo na mantiki na itaitengeneza kwa kubomoa. Mwishoni utapata folda iitwayo lost+found yenye mafaili elfu kadhaa yaliyopewa namba badala ya majina. Fungua moja. Ni nusu ya uso wa bibi harusi.

9. Friji na bisibisi

Kuna dawa ya kuweka diski ndani ya friji usiku kucha, kwenye mfuko wa plastiki. Kila mtu mtaani atajaribu kukushauri. Ikitoka hapo inatoka na unyevu, lakini angalau umefanya kitu.

Ikishindikana, ipeleke kwa fundi anayefungua redio. Aifungue uani, saa nane mchana, kiangazi, lori likipita. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani inayozunguka kwa urefu wa nanomita chache tu, na chembe moja ya vumbi jekundu la Kasongo kwake ni jiwe la kinu. Sahani yenyewe ni nzuri, inang'aa kama kioo. Mama watoto atajitazamia usoni. Nimeona hivyo kwangu.

10. Tafuta mkubwa aliyeharibu kabla yako

Aibu hupungua ukiwa na mfano wa kihistoria, na sisi wa kusini mwa Maniema tunao mmoja ambao Berkeley hawana.

David Livingstone alikaa Kabambare, yeye aliandika Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, amelazwa na vidonda vya miguu. Karatasi zikamwishia. Wino ukamwishia. Akafanya alichofanya kila mtu wa hapa ambaye vifaa havijafika kutoka Bukavu: alitumia kilichopo. Alipoendelea na safari hadi Nyangwe, alichukua kurasa za gazeti la zamani, The Standard la London la tarehe 24 Novemba 1869, akaligeuza upande, na kwa wino wa mbegu za mti wa hapa hapa akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyokwisha kupigwa chapa. Ndugu yangu, hiyo ni --create. Amri ile ile, bila umeme. Wino ukafifia, chapa ya gazeti ikabaki, na miaka ikapita bila mtu kuweza kuisoma yote.

Mpaka watafiti wakazipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, wakautenganisha wino wa mbegu na chapa ya kiwandani. Barua aliyoiandika Kabambare Februari 1871 ikasomeka tena mwaka 2010, na shajara ya Nyangwe mwaka 2011. Miaka 140. Kwa hiyo mteja akikuuliza video yake itapatikana lini, una tarehe ya kumpa.

Lakini kuna sehemu ya pili, na hii naomba uisome polepole. Livingstone alikuwa na nakala. Aliihamisha shajara kwenye daftari kubwa, vizuri, kwa wino wa kweli, na kitabu kilichotoka mwaka 1874 baada ya kifo chake kilitokana na daftari hilo. Ndicho dunia ilichokisoma. Ndimo mlimo habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko Nyangwe, papa hapa kwetu kando ya Lualaba, wanawake waliokuja kuuza na kununua walipopigwa risasi na wengine kuzama mtoni, watu mamia. Pale sina kejeli. Shajara ile ya gazetini ilipoanza kusomeka, watafiti waliona kwamba nakala haikufanana na asili: maneno makali aliyoyaandika juu ya watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamelainishwa katika kuhamishwa.

Safu ya vioo viwili, RAID 1, ina ugonjwa huo huo. Ukaguzi ukikuta diski mbili hazisemi neno moja, mashine inahesabu tu tofauti ziko ngapi. Ukiiamuru irekebishe, inachukua moja na kuiandika juu ya nyingine. Haijui ipi ilikuwa kweli, kwa kuwa hakuna aliyeifundisha kujua. Ukiikagua tena inakuandikia kwamba sasa hakuna tofauti.

11. Udhuru, kwa kila mtu na wake

Usiwe na udhuru mmoja kwa watu wote, watakutana sokoni.

Kijana wa nyimbo mwambie "iko pane". Haulizi zaidi, ataenda kwa mwingine.

Mama wa bibi harusi mwambie ni kurenti. "Mama, ni ile kurenti ya usiku wa mvua." Kila mtu ana kitu chake kilichoungua usiku wa mvua, atakuhadithia cha kwake na kuondoka amekuonea huruma.

Mwalimu wa shule mwambie kweli, ila kwa maneno yasiyoshikika: metadata, superblock, ujenzi upya. Mwambie kwamba wenye viwanda wenyewe wanaandika kuwa diski ya kawaida inaweza kukosea mara moja katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, sawa na terabaiti 12 na nusu, na kwamba kujenga upya safu yako kulihitaji kusoma diski tatu za terabaiti nne, yaani 12 kamili. Hesabu hiyo ni ya kweli, na nzuri kwa sababu inakutoa wewe kwenye kikao. Usimwambie kwamba diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi yake, wala kwamba hukufika hata kwenye kujenga.

Wanaouliza kama ni uchawi, usikatae wala usikubali. Tazama chini.

Mjomba wa karatasi za shamba, huyo hana udhuru wake. Nimetafuta. Mimi nilipita njia ya nyuma miezi minne.

12. Mambo ya waoga

Kuna mwalimu mmoja Kabambare ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ataniona. Naye ana kisanduku, kidogo kuliko changu, hakina kitambaa. Diski mbili zilimfia katika wiki moja, na Jumamosi yake nilimkuta kwenye harusi anacheza. Nilimvuta pembeni. Alisema kila mwisho wa mwezi hunakili vyote kwenye diski moja ya nje, anaifunga kwenye nailoni, anampa msafiri wa Kindu amfikishie dada yake, na dada anarudisha ile ya mwezi uliopita. Basi. Nilimwambia lakini yeye ana RAID, ya nini tena kubeba? Alinijibu kwamba RAID ni madaftari mawili ndani ya nyumba moja, na nyumba ikiungua yanaungua yote mawili.

Nilikasirika, nikatembea, nikamkumbuka Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Jumba lake lilikuwa Kasongo ya zamani. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa ofisa wa Kibelgiji Dhanis waliuteka mji, na mahali pale hadi leo panaitwa Tongoni, yaani kwenye magofu. Habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili alipokwisha kurudi Unguja, zilibaki salama, na Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mwaka 1902 na 1903. Mzee yule alikuwa na makosa mazito ambayo sisi wa Maniema hatuhitaji kukumbushwa. Lakini maandishi yake yalikuwa ng'ambo ya bahari.

Sasa nikuage, kuna giza na batri inalia. Maelekezo haya nimeyaandika kwenye seva yangu ya tatu, na nakala yake iko humo humo. Leo asubuhi niliitazama, inasema [UUU_]. Sijagusa kitu. Nimeandika namba nne kwenye daftari la shule la mwanangu na kumkataza shemeji kuingia. Kama unamjua mtu yeyote anayeteremka Kindu wiki hii, kwa pikipiki au kwa baiskeli, mwambie apite kwangu kabla hajaondoka. Nina diski ya kumpa, imefungwa kwenye nailoni.